Latisi Inapokosea Kimyakimya: Kutafuta Kosa Katika Uigaji wa Kifungo cha Kwarki

Katika chumba cha juu cha nyumba yetu, mtaa wa Mkomani, Lamu, kuna laptopu moja ambayo hufanya kazi usiku kucha. Binti wa dada yangu anasoma fizikia chuoni, na kila likizo akirudi tunakaa naye juu ya swali moja: kwa nini hakuna aliyewahi kuikuta kwarki, chembe inayounda protoni na neutroni, ikiwa peke yake? Ukitenganisha kwarki mbili, nguvu inayozivuta haipungui kwa umbali kama ya sumaku. Inabaki palepale, karibu GeV 1 (kipimo cha nishati ya chembe) kwa kila femtomita (sehemu moja ya trilioni ya milimita), sawa na uzito wa tani 16 hivi unaoning'inia kwenye uzi mwembamba kuliko kitu chochote unachoweza kukifikiria. Hicho ndicho kifungo cha kwarki.

Mwaka 1974 Kenneth Wilson alionyesha njia ya kuikata nafasi na wakati kuwa latisi, yaani nukta zilizopangwa kwa hatua sawasawa. Kila kiungo kati ya nukta mbili jirani hubeba matriksi, na nishati huhesabiwa kwa kuzidisha matriksi nne kuzunguka kila mraba mdogo, uitwao plaketi. Kufikia 1980 Michael Creutz alikuwa ameshaiweka nadharia ya SU(2), ndugu mdogo wa SU(3) ambayo ndiyo ya kwarki za kweli, kwenye kompyuta na kuupima mkazo wa uzi, yaani ile nguvu isiyopungua inayozivuta kwarki. Alichokifanya yeye wakati ule, leo laptopu ya kawaida inakifanya. Matriksi ya SU(2) huhifadhiwa kwa namba nne tu, kwa hiyo latisi ya 16⁴ hukaa kwenye MB 8 na kitu. Ya SU(3), ukiihifadhi kwa namba 18 kila kiungo, hufika karibu MB 38. Mifano yangu mingi hapa ni ya SU(2).

Naandika haya kwa sababu uigaji wa namna hii una tabia moja inayonisumbua: programu inaweza kumaliza kazi yote bila kulalamika, ikatoa mstari mzuri ulionyooka, na kumbe imejibu swali ambalo hukuliuliza. Basi nitaanza na dalili zinazoonekana waziwazi, nimalizie na zile zisizoonekana.

Wastani wa plaketi haufanani na wa watu wengine

Hii ndiyo dalili ya kwanza na iliyo rahisi kuliko zote, kwa sababu namba za kulinganisha zipo. Kwa SU(2) kwenye β = 2.3 (β ni namba unayoipanga mwenyewe; ikipanda, hatua ya latisi inafupika) utarajie karibu 0.603; kwenye β = 2.4, karibu 0.630. Kwa SU(3) kwenye β = 6.0, 0.5937. Ukipata 0.397 kwa β = 2.3, umepima moja kutoa plaketi, na hakuna kilichoharibika. Ukipata karibu 0.83, β yako imejizidisha mara mbili mahali fulani. Mara nyingi ni kwa sababu umejumlisha ulalo wa matriksi ukasahau kugawa kwa mbili. Ukipata 0.27 au 0.28, umegawa mara mbili. Nimeziona zote tatu katika wiki moja.

Namba ikiwa haimo katika hizo, shuku viungo vitatu vinavyozunguka kiungo unachokibadilisha. Katika vipimo vinne (vitatu vya nafasi na kimoja cha wakati) kila kiungo kina mafungu sita ya namna hiyo, matatu ya juu na matatu ya chini, na yale ya chini ndiyo watu hukosea mwelekeo: matriksi inayotakiwa kugeuzwa haikugeuzwa. Usikae kuukodolea macho msimbo. Badilisha kiungo kimoja, hesabu tofauti ya nishati kwa njia ya mafungu sita, kisha hesabu nishati ya latisi nzima kabla na baada. Tofauti hizo mbili zilingane hadi tarakimu ya kumi hivi. Zisipolingana, kosa umelishika mkononi.

Jaribio la pili silirukiki. Ipe kila nukta matriksi nasibu, izungushe latisi nzima kwa mageuzi ya geji (kubadili namna ya kuziandika matriksi kwenye kila nukta bila kubadili fizikia), halafu pima upya. Kila kitanzi kilichofungwa kibaki na thamani ileile. Kikibadilika, kitanzi chako hakijafungika, pengine kwenye ukingo ambapo latisi inarudi mwanzo.

Wengine hupima wastani wa matriksi ya kiungo chenyewe, wakapata sifuri, wakaingiwa na wasiwasi. Sifuri ni sahihi. Elitzur alithibitisha mwaka 1975 kwamba kitu kinachobadilika kwa mageuzi ya geji hakiwezi kuwa na wastani usio sifuri, isipokuwa umeichagua geji wewe mwenyewe.

Kama bado una shaka, shuka kwenye vipimo viwili. Huko SU(2) ina jibu kamili: plaketi ni uwiano wa fanksheni mbili za Bessel, I₂(β) kwa I₁(β), na kitanzi chochote ni plaketi hiyo iliyopandishwa kwenye kipeo cha eneo lake. Kwa β = 2 jibu ni 0.4331. Kama programu yako haifiki hapo, hakuna haja ya kwenda vipimo vinne.

Mwanzo wa baridi na mwanzo wa moto havikutani

Anza mara mbili: mara moja viungo vyote vikiwa matriksi ya moja, plaketi 1, na mara nyingine vikiwa nasibu kabisa, plaketi 0. Chora zote mbili kwenye grafu moja. Kwa SU(2) kwenye latisi ndogo na β = 2.3, ukitumia njia ya bafu la joto ya Creutz (kila kiungo huchaguliwa upya kulingana na majirani zake), zinakutana ndani ya mizunguko 100 hivi, mzunguko ukiwa kuvipitia viungo vyote mara moja. Usipime chochote kabla hazijakutana, kisha ongeza muda zaidi ya hapo.

Zikikawia kukutana na unatumia Metropolis (njia ya kupendekeza badiliko kisha kulikubali au kulikataa), tazama ni asilimia ngapi ya mapendekezo inakubaliwa. Ikiwa 95, hatua zako za kupendekeza ni ndogo mno na latisi inatambaa. Ikiwa 5, ni kubwa mno na latisi imekwama. Irekebishe ikaribie nusu, na ukishayahesabu mafungu sita ya kiungo, kijaribu kiungo kilekile mara kadhaa kabla ya kusonga, maana hesabu hiyo ndiyo inayokula muda.

Zisipokutana kabisa huenda si kosa. SU(3) yenye Nt = 4 (Nt ni idadi ya hatua upande wa wakati) karibu na β = 5.69 ina badiliko la awamu la daraja la kwanza, yaani la ghafla kama maji yanapochemka, na latisi kubwa inaweza kukaa upande mmoja kwa muda mrefu sana. Sogea mbali na β hiyo ujaribu tena. Zikikutana huko, msimbo ni mzima.

Plaketi inapanda kidogokidogo hadi inapita 1

Makosa ya kukadiria tarakimu yanajilimbikiza, na matriksi zinatoka nje ya kundi lake. Kwa SU(2), jumla ya miraba ya zile namba nne lazima iwe 1, kwa hiyo irekebishe kila baada ya mizunguko michache. Hakuna zaidi.

Stima ilikatika, na baada ya hapo makosa ya takwimu yakawa madogo mno

Hili lilinipata mwenyewe, na lilinigharimu likizo nzima ya binti yetu.

Kwetu stima hukatika, na miezi ya joto kabla kusi haijaanza laptopu nayo hujizima yenyewe kwa kuungua. Nilikuwa nahifadhi viungo kwenye diski kila baada ya mizunguko 50, nikaona nimejikinga. Nisichokihifadhi ni hali ya kizalishi cha namba nasibu. Kila stima iliporudi, programu ilisoma viungo, ikaanzisha kizalishi kwa mbegu ileile ya mwanzo, na ikapita kwenye mfululizo uleule wa namba. Sampuli nilizozihesabu kuwa mpya zilikuwa zimeendeshwa na bahati nasibu moja iliyorudiwa. Wastani haukuonekana mbaya. Kilichonishtua ni kwamba nilipounganisha siku nne, upau wa kosa ulikuwa finyu kiasi kwamba hakuna mstari wowote uliopita kwenye nukta zangu.

Kwa hiyo hifadhi vyote viwili, viungo na hali ya kizalishi, kwenye faili moja. Andika kwanza kwenye faili la muda, na likishakamilika ndipo ulibadilishe jina, kwa sababu stima ikikatika katikati ya kuandika utabaki na nusu ya latisi. Andika pia thamani ya plaketi ndani yake, na ukilisoma faili, ihesabu upya ulinganishe. Ukiendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kila moja iwe na mbegu yake.

Upau finyu una sababu nyingine iliyo ya kawaida zaidi: sampuli zinakumbuka zilizotangulia. Mizunguko 1,000 si vipimo huru 1,000. Gawa vipimo katika mafungu, chukua wastani wa kila fungu, uhesabu kosa. Kisha zidisha ukubwa wa fungu mara mbili, na mara mbili tena. Kosa litakua, halafu litatulia. Thamani iliyotulia ndiyo ya kuandika. Likiendelea kukua bila kutulia, kazi yako ni fupi mno, na hapo dawa ni subira tu. Kwa kitu kinachopitia logi au uwiano, kama vile mkazo wa uzi, tumia mafungu hayohayo kwa kuacha moja nje kila mara na kurudia hesabu nzima.

Ukiongeza viini vya prosesa, jibu linabadilika

Viini viwili vinabadilisha viungo vinavyotegemeana kwa wakati mmoja. Gawa nukta kuwa nyeupe na nyeusi kama ubao wa drafti, na ushughulikie mwelekeo mmoja na rangi moja kila mara. Kisha angalia urefu wa latisi. Ukiwa witiri, tuseme 9, ubao unavunjika pale ukingo unapokutana na mwanzo, kwa sababu nukta mbili jirani zitakuwa na rangi moja. Tumia urefu wa shufwa.

Vitanzi vikubwa vimegeuka kelele

Hapa hakuna kilichoharibika, ila lazima ujue ni kwa nini, la sivyo utaongeza mizunguko hadi uchoke. Kifungo kinasema kitanzi cha Wilson (matriksi zilizozidishwa kuzunguka mstatili wenye upana R wa nafasi na urefu T wa wakati) kinapungua kwa kadiri ya eneo lake. Kwa maneno mengine, kadiri kifungo kinavyokuwa imara, ndivyo kitu unachokipima kinavyozidi kutoweka.

Chukua β = 1. Plaketi ni takriban β/4, yaani 0.25, na kitanzi cha 3×3 ni 0.25 kwa kipeo cha tisa: karibu 0.0000038. Latisi ya 8⁴ ina vitanzi 24,576 vya namna hiyo. Kila kimoja kinayumba kwa kiasi cha 0.5, hivyo wastani wa latisi moja unayumba kwa 0.003 hivi. Ili ishara ifikie tu ukubwa wa kelele unahitaji sampuli huru kama laki saba. Nilimwonyesha binti yetu hesabu hii kwenye karatasi, akaenda mwenyewe kuizima kazi aliyokuwa ameiacha ikiendeshwa tangu juzi.

Dawa ni kupunguza kelele kabla ya kupima. Ya kwanza: kila kiungo cha wakati kiweke wastani wake kamili kulingana na majirani zake, kwa SU(2) wastani huo una fomyula, tena ni zilezile fanksheni za Bessel. Parisi, Petronzio na Rapuano waliileta njia hii 1983. Itumie kwa vitanzi vyenye upana wa hatua 2 au zaidi tu, kwa kuwa kwenye upana wa hatua 1 viungo viwili vya pande zinazotazamana vinagusa plaketi moja, na jibu litaharibika bila onyo. Ya pili: lainisha viungo vya nafasi kwa kuvichanganya na mafungu yao, ili uzi unaouchora ufanane zaidi na uzi wenyewe. Lainisha vya nafasi pekee. Ukilainisha na vya wakati, nishati unayoipima kwa kila hatua ya wakati inaweza kupanda badala ya kushuka kuelekea thamani yake, na hutajua usimame wapi. Ukitaka kufika mbali zaidi, Lüscher na Weisz walionyesha 2001 namna ya kuchukua wastani ndani ya wastani, tabaka kwa tabaka, na kelele inapungua kwa kiwango cha ajabu.

Mkazo wa uzi ukitoka mkubwa kuliko wa wengine, mara nyingi umesoma nishati kwenye T = 1, ambako uzi bado unatetemeka. Songa T = 2, 3, 4 hadi ushuke na kutulia. Na usisahau kwamba mkunjo si mstari mtupu: kuna kipande cha −π/12R kinachotokana na mitetemo ya uzi wenyewe. Ukikiacha nje, mstari wako utainama mwanzoni na kukuibia sehemu ya jibu.

"Mjomba, uzi umekatika!"

Alinipigia simu nikiwa Mokowe nangoja mashua. Latisi ilikuwa 12³×6, β = 2.3, na alikuwa anapima uhusiano wa vitanzi viwili vya Polyakov (matriksi zilizozidishwa kuzunguka upande wote wa wakati, kila kitanzi kikisimama badala ya kwarki moja) kadiri vinavyoachana. Nishati ilipanda vizuri, kisha ikalala.

Uzi hukatika kweli katika maumbile. Ukiuvuta vya kutosha, nishati yake inatosha kuzaa kwarki na kinzani yake, na unabaki na chembe mbili fupi badala ya uzi mmoja mrefu. Uigaji wenye kwarki zinazotembea umeliona hilo kwenye umbali wa femtomita 1.2 hadi 1.3 hivi. Lakini latisi yetu ina gluoni, chembe zinazobeba nguvu ya kuzifunga kwarki, peke yake, na gluoni haziwezi kuukata uzi wa kwarki. Tena hatukuwa tumefika huko: hatua moja kwenye β = 2.3 ni kama femtomita 0.165, basi hatua 6 ni femtomita 1 tu.

Nikamwuliza, "Umekwenda hadi R ngapi?" Akasema, "Hadi kumi, mjomba." Latisi yenye urefu wa 12 imejifunga kama bangili. Ukishapita 6, kitanzi cha pili kiko karibu zaidi kwa upande wa nyuma, na R = 8 ni sawasawa na R = 4. Grafu yake haikuwa imelala. Ilikuwa imefika kileleni na kuanza kushuka. Ishia chini ya nusu ya urefu, na ukitaka kwenda mbali, jenga latisi pana zaidi.

Kwarki zimefunguka

Umeongeza β ili hatua iwe ndogo na picha iwe safi zaidi, na ghafla wastani wa kitanzi cha Polyakov si sifuri tena (sifuri ndiyo alama ya kifungo). Hujakosea msimbo, umepasha moto. Joto la latisi ni moja gawia Nt mara ukubwa wa hatua. Ukipandisha β, hatua inafupika, na Nt ikibaki ileile joto linapanda. Kwa SU(2) yenye Nt = 4 kifungo kinavunjika β ikifika 2.30; kwa Nt = 6, karibu 2.43; kwa Nt = 8, karibu 2.51. Ukitaka kukaa ndani ya kifungo, ongeza Nt pamoja na β. Upana wa nafasi nao ukiwa mdogo mno unaleta matata yaleyale kwa njia nyingine, kwa hiyo usijaribu kuokoa muda hapo.

Kinyume chake ndicho kinachodanganya zaidi. Uko kwenye joto kali, lakini wastani ni sifuri, na unafurahi kwamba kwarki zimefungwa. Chora historia ya kitanzi, usitazame wastani peke yake. Kwa SU(2) utaona kinakaa juu ya sifuri kwa muda, kinaruka chini, kinakaa, kinarudi. Wastani wa juu na chini ni sifuri, lakini latisi haikuwahi kukaa kwenye sifuri. Kwa SU(3) vituo ni vitatu, vimeachana kwa nyuzi 120. Wastani wa thamani bila alama nao una mtego wake, kwa maana haufiki sifuri hata ndani ya kifungo. Unapungua tu kadiri latisi inavyopanuka. Linganisha upana wa aina mbili au tatu.

Kila kitu kiko sawa

Plaketi inalingana, mianzo miwili imekutana, makosa yametulia, na logi ya kitanzi inashuka kwa mstari ulionyooka dhidi ya eneo. Hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Sheria ya eneo kwenye β ndogo hutolewa bure na latisi karibu yoyote, hata ile isiyohusika na kwarki. Weka U(1) badala ya SU(2), yaani kila kiungo kibebe pembe tu. Hiyo ni nadharia ya umeme na mwanga. Kwenye β = 0.9 itakupa mkazo wa uzi, mzuri, unaopimika. Ungeishia hapo ungesema elektroni zimefungwa, na sote tunajua stima inapita kwenye nyaya. Kwenye vipimo vinne U(1) inabadilika awamu β ikifika karibu 1.01, na upande wa pili uzi haupo tena. Kinabaki kivutio cha kawaida cha chaji mbili. Guth aliithibitisha awamu hiyo ya pili mwaka 1980. Hatua ya latisi yetu si ya maumbile, ni yetu sisi, na kifungo kinachoonekana tu ikiwa hatua ni kubwa ni mali ya latisi.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kama uzi unabaki tunapoifanya hatua kuwa ndogo. Pima vitu viwili vya maumbile kwenye β mbalimbali, uone kama uwiano wao unasimama. Tunaotumia ni joto la kuvunjika kwa kifungo dhidi ya mzizi wa mkazo wa uzi. Kwenye β = 2.30, hatua mara mzizi wa mkazo ni karibu 0.37, na Nt ni 4, hivyo uwiano ni moja gawia 1.48, yaani 0.68. Kwenye β = 2.43, namba hiyo ni karibu 0.24, Nt ni 6, na uwiano unakuwa karibu 0.69. Hatua imepungua kwa zaidi ya robo, na uwiano umesogea kidogo tu, kuelekea 0.71 hivi inayokadiriwa pale hatua inapofika sifuri. U(1) haiwezi kukupa hilo: ukitoka 0.9 kwenda 1.1, hakuna mkazo wa kugawia.

Sasa laptopu iko kwenye 24³ kwa β = 2.51: Nt = 8 ya kutafuta mvunjiko wenyewe, na kazi ya pili yenye Nt = 24 ya kupima mkazo. Faili linahifadhiwa kila baada ya mizunguko 20, viungo na kizalishi pamoja, na binti yetu ameniachia karatasi ukutani yenye plaketi ya kila alfajiri.